Uratibu Ukatwe Juu, Usikatwe Chini: Barua ya Wazi kwa Mratibu wa Misaada ya Dharura wa Umoja wa Mataifa

Kwa Mheshimiwa Tom Fletcher,
Mratibu wa Misaada ya Dharura na Mkuu wa Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Kuratibu Misaada ya Kibinadamu (OCHA),
New York.

Mheshimiwa,

Kazi yangu ni kupanga foleni. Nipo katika shirika dogo la wenyeji, la aina ambayo taarifa zenu huliita "mshirika mtekelezaji", na wanaosimama katika foleni hizo ni watu waliokimbia vita ndani ya nchi yao wenyewe. Nimeamua kuandika waziwazi kwa sababu haya nitakayoyasema si yangu peke yangu. Wenzangu wengi huyasema nje ya ukumbi mkutano ukishakwisha. Ndani ya ukumbi hunyamaza, kwa kuwa aliyekaa mbele ndiye mwenye saini ya mkataba wao.

Mwaka 2025 mfumo unaouongoza uliishiwa fedha ghafla. Marekani, iliyokuwa ikitoa karibu asilimia 40 ya fedha za misaada ya kibinadamu zinazorekodiwa duniani, ilisimamisha misaada yake ya nje Januari 20, na kufikia Julai 1 shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa rasmi. Machi ukawaandikia wakuu wa mashirika kwamba kazi yote ianze upya kwa sura nyingine. Mwezi uliofuata ofisi yako ikatangaza kupunguza moja ya tano ya wafanyakazi wake. Kwa hilo sikulaumu. Asiye na fedha hapangi kama mwenye nazo. Ila nimekuwa nikitazama kisu kinapita wapi, na huku ninakofanyia kazi kinapita chini. Ofisi ndogo iliyokuwa jirani na waliohama imefungwa, ya mji mkuu imebaki. Yule aliyekuwa akizunguka na daftari, akijua nani amefika usiku na nani hajapata turubai, ameondoka. Kikao cha wakuu wa nchi nzima kinaendelea kila wiki kama zamani. Ombi langu ni kisu hicho kigeuzwe.

Najua kwa nini uratibu hauna mtetezi. Mfadhili huliona gunia, huliona hema, huiona nembo yake juu ya ndoo. Halioni jedwali lililofanya gunia lile liende kijiji cha nne badala ya kurudi tena kijiji cha kwanza. Na sisi wenyewe tumeuharibia jina. Tuna vikao vya klasta, yaani makundi ya uratibu yaliyogawanywa kwa sekta kama maji au afya, ambamo kila shirika husimama likasoma lilichofanya wiki iliyopita, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka watu waanze kutazama saa, bila hata mmoja kutaja asichoweza kukifanya wiki ijayo. Hilo lisilotajwa ndilo tungelihitaji. Ukiamuru vikao vya namna hiyo vife, mimi nitakuja mazikoni bila kualikwa.

Lakini kikao si uratibu. Mashirika matatu yamefika na mablanketi, hakuna aliyefika na sepetu za kuchimbia vyoo. Uratibu ni yule mtu anayeweza kuwaambia wawili kati yao: rudisheni mablanketi ghalani, wiki hii tunachimba. Na hapo ndipo penye kasoro ya tangu kuzaliwa. Azimio 46/182 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la Desemba 19, 1991, lililopitishwa baada ya dunia kuona jinsi Wakurdi wa kaskazini mwa Iraki walivyohudumiwa kwa kubahatisha, lilikupa kazi ya kuratibu lakini halikukupa rungu. Kila shirika la Umoja wa Mataifa lina bodi yake, wafadhili wake na mfuko wake. Wewe huwezi kuliamuru, unalishawishi tu. Wenye magari na maghala wakikubali kuratibiwa, wanaratibiwa. Wakikataa, wanakuletea taarifa. Kama ndivyo ilivyo kwako, fikiria alivyo kijana wa daftari kule chini.

Yanayotokea pasipo na wa kuamua tulishayaona. Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Rwanda wakaingia Goma ndani ya siku chache. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano; choo hakichimbiki, kaburi halichimbiki. Watu walikunywa maji ya Ziwa Kivu, na kipindupindu kikifuatwa na kuhara damu viliua watu wapatao 50,000 katika mwezi wa kwanza. Ndege zilitua, mashirika yalimiminika, kamera zilikuwapo. Baadhi ya mashirika yalifanya kazi ya kutukuka. Mengine yalifika bila ujuzi wa kazi yaliyoijia, na hapakuwa na mwenye uwezo wa kuyarudisha yalikotoka. Kutokana na aibu ile, mwaka 1997 mashirika yakaanza kuandika viwango vya Sphere: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, mita za mraba 3.5 chini ya paa kwa kila mtu. Nakala yangu ya kitabu hicho imechakaa kwa kufunguliwa, na sina ugomvi nacho. Ila kinaniambia vyoo vingapi, hakiniambii nani achimbe.

Goma ile ilikuwa na jambo la pili. Chakula kiligawiwa kupitia viongozi wa kambi, na miongoni mwa viongozi hao walikuwamo walioongoza mauaji ya kimbari. Walizidisha idadi ya watu, wakachukua ziada, wakajijenga upya kijeshi. Mwishoni mwa mwaka ule Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa walijitoa katika kambi zile kwa sababu hiyo. Tangu hapo kila mtu wa kazi hii anajua, hata kama hasemi, kwamba mwenye kushika orodha ndiye mwenye kushika kambi.

Niruhusu nikae kwenye orodha, maana watu wa ngazi yako hukutana nayo ikiwa imeshakuwa tarakimu.

Watu wanapokimbia hawaji wote pamoja. Wengine hufika usiku wakalala shuleni, wengine kwenye nyumba za ibada, na wengi kuliko wote hujibanza kwa ndugu au kwa mtu waliyewahi kufanya naye biashara. Orodha ya kwanza huandikwa na mzee aliyeteuliwa na wenzake, kwa kalamu, na mara nyingi ndiyo sahihi kuliko zote. Kisha huja shirika la chakula na mashine ya alama za vidole. Huja shirika la makazi na fomu yake. Huja ofisi ya serikali na daftari lake. Baada ya wiki chache kuna orodha nne za watu wale wale, na hazifanani. Mjane yumo kwenye mablanketi, hayumo kwenye chakula. Mtoto aliyezaliwa baada ya usajili si wa kaya yoyote. Mke wa pili amehesabiwa ndani ya kaya ya mke wa kwanza, na mgao mmoja unagombaniwa na majiko mawili. Halafu usajili hufungwa tarehe fulani, kana kwamba vita navyo vimefungwa tarehe hiyo. Aliyechelewa kukimbia anaambiwa asubiri awamu inayofuata. Nimewaona mama wakirudia habari zao mbele ya kila shirika: jina, watoto, kijiji, kilichochomwa, aliyeuawa. Klasta ni nyingi, mama ni mmoja.

Waliohifadhiwa majumbani ndio orodha huwapoteza kabisa. Kambi inaonekana kutoka angani, chumba cha nyuma cha shangazi hakionekani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wahenga, lakini hawakumfikiria mgeni aliyekuja na watoto sita huku jembe lake limebaki shambani chini ya mizinga. Wenyeji wale hulisha, hulaza, huuguza, mpaka nao wanafika mahali ambapo ukiwaweka kando ya wageni wao huoni tofauti. Kisha gari la misaada linapita mbele ya mlango likielekea kambini. Siku moja wenyeji wale wakisema basi, imetosha, tunashangaa eti jamii imegeuka.

Na kambi nayo inaweza kutoweka. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Kuuzunguka mji kulikuwa na kambi kubwa za wakimbizi wa ndani, Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na nyinginezo, zenye mamia ya maelfu ya watu. Februari watu wakapewa saa 72 waondoke. Mahema yakang'olewa, wengine wakarudi vijiji ambavyo havikuwa na paa, wengine wakatawanyika mjini. Mtu aliyekuwa amesajiliwa kwa jina la kambi, kitalu na namba ya hema akawa hayupo popote. Orodha iliyofungwa kwenye eneo hufa siku eneo linapokufa, na mtu bado ana njaa ile ile. Laiti orodha zingemfuata mtu badala ya hema, sehemu ya kazi ya miaka ingeokoka.

Hapo utaniambia: basi tuwe na orodha moja kubwa, ya kidijitali, ya wote. Polepole, Mheshimiwa. Orodha ya waliokimbia, yenye majina, vijiji walivyotoka na alama za vidole, ikiangukia mikononi mwa upande unaopigana, ni orodha ya kuwindia watu. Mimi naitaka orodha moja kwa kila eneo, lakini yenye taarifa chache kuliko zinazokusanywa sasa, iliyo mikononi mwa watu wasio na bunduki wala maslahi na wenye bunduki, na yenye kanuni iliyoandikwa ya nani aione na lini ifutwe. Mashirika makubwa hayapendi kushirikishana usajili wao. Yatakuambia ni kwa ajili ya kulinda faragha. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine, naomba radhi kwa kusema, ni kwa sababu mwenye kusajili ndiye mwenye kuomba fedha.

Kuna swali kubwa lililo nyuma ya yote haya, nalo ni la nani anajibika. Aliyevuka mpaka ana Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na shirika moja, UNHCR, linaloulizwa habari zake. Aliyekimbia akabaki ndani ya nchi hana mwenyewe. Ana Kanuni za Mwongozo za 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani, zilizoandaliwa chini ya Francis Deng, ambazo ni nzuri lakini si mkataba. Afrika ina Mkataba wa Kampala, uliopitishwa Oktoba 2009 na kuanza kutumika Desemba 2012, unaosema wajibu wa kwanza ni wa serikali ya nchi husika na unaoyakataza makundi yenye silaha kuzuia misaada. Sawa. Lakini mara ngapi serikali hiyo ndiyo upande mmoja wa vita? Mwishoni mwa mwaka 2024 watu milioni 83.4 walikuwa wakimbizi wa ndani duniani, na milioni 73.5 kati yao walikuwa wamefukuzwa na vita na ghasia. Ni wengi kuliko wakimbizi wote waliovuka mipaka, na ndio wasio na mlango wa kubisha.

Klasta zililetwa mwaka 2005 kuziba pengo hilo, baada ya vita vya Darfur, magharibi mwa Sudan, kuonyesha jinsi kila mmoja alivyodhani mwingine anashughulika. UNICEF ikapewa maji na usafi, WHO afya, WFP usafirishaji, UNHCR ulinzi wa watu, na kadhalika. Ilikuwa hatua ya kweli, na ninayoyasema hayakusudii kuturudisha nyuma yake. Walakini kazi iligawanywa kwa sekta ilhali watu wanaishi kwa mahali. Na mpaka ukipita katikati ya ukoo, mambo yanakuwa mawili kabisa: aliyetoka Darfur akavuka kuingia Adré nchini Chad yuko chini ya utaratibu wa wakimbizi, ndugu yake aliyebaki Tawila yuko chini ya klasta. Vita ni ile ile, ila foleni ni mbili, ofisi mbili, maombi mawili ya fedha, na anayejua habari za wote wawili ni bibi yao.

Kuhusu njia, nitasema kwa ufupi, kwa kuwa unalijua kuliko mimi. Februari 2024 mamlaka za Sudan zilizuia misaada isipitie Adré, njia ya maana kuliko zote za kuingilia Darfur, na haikufunguliwa hadi Agosti. Agosti 1 kamati ya wataalamu ilithibitisha baa la njaa katika kambi ya Zamzam karibu na El Fasher. Aprili 2025 kambi hiyo hiyo ikavamiwa na watu kwa malaki wakatimka, wengi wao kuelekea Tawila. Maamuzi ya aina hiyo hupiganiwa kwenye meza zenu na za Baraza la Usalama. Lakini chini yake kuna njia nyingine elfu, kila moja ina kizuizi na kijana mwenye bunduki, na huko kila shirika hupatana peke yake. Anayelipa leo amepandisha bei ya wote wa kesho. Anayekataa peke yake anarudishwa na mzigo wake, na lawama za kuchelewa juu. Tukikubaliana wote wa njia moja, mbele ya mtu anayesimamia makubaliano, tunalipa nini na hatulipi nini kamwe, kizuizi hulegea. Makubaliano ya namna hiyo nimeyaona yakisimama kwa sababu ya afisa mmoja mwenye simu na subira. Nafasi yake haipo tena kwenye muundo mpya, nimeutazama.

Sasa kuhusu sisi wenyeji. Vita ilipolipuka Khartoum Aprili 15, 2023 na mashirika ya kimataifa yakahamisha watu wake, waliobaki kupika, kuchota maji, kutafuta dawa na kuwatoa majirani mitaani walikuwa vijana wa Vyumba vya Dharura, makundi ya kujitolea ya mitaani. Hawakuwa na klasta, walikuwa na mitaa na makundi ya simu. Walijua nyumba yenye mgonjwa wa figo na nyumba yenye mtoto mchanga. Fedha za Marekani ziliposimama mapema 2025, majiko yao mengi ya jamii yalifungwa, kwa kuwa hata fedha zilizokuwa zikiwafikia zilikuwa zinapitia mikono ya wengine. Baadaye dunia imewapa tuzo, na wanastahili. Ila sufuria haichemki kwa tuzo.

Mei 2016 kule Istanbul wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 angalau asilimia 25 ya fedha zitawafikia watoa misaada wa nchi husika kwa njia iliyo ya moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Mwaka 2020 umepita, na kiwango hicho duniani hakijawahi hata kukaribiwa. Nakiri kwamba mifuko ya pamoja ya nchi, ile inayochangiwa na wafadhili wengi na iliyo chini ya ofisi yako, imefanya vizuri kuliko njia nyingine, na ndiyo maana naona inafaa wewe uanze, si wale walioahidi. Kinachotusumbua si kiasi tu. Mkataba wetu hulipia magunia na usafiri, haulipii kodi ya ofisi, wala bima ya dereva. Katika mwaka 2024 watoa misaada 383 waliuawa, idadi kubwa kuliko mwaka wowote uliorekodiwa, na wengi wao walikuwa raia wa nchi walizokuwa wakihudumia. Hatari imeshahamishiwa kwa wenyeji kikamilifu. Kwa hatari hakuna aliyedai tuthibitishe uwezo wetu kwanza. Kwenye fedha na maamuzi ndiko tunakoambiwa tujengewe uwezo.

Na kwenye vikao vya uratibu tunakaa pembeni. Kikao kiko mjini, saa tatu asubuhi, safari ya siku nzima kutoka tulipo, na lugha yake ni lugha ya mfadhili. Anayewakilisha waliohama, kama yupo, huulizwa mwishoni kama ana la kuongeza. Nilimsikia mmoja akijibu kwamba analo, lakini ni la mwanzo wa ajenda.

Ningefanya nini kama ningekuwa na kiti chako kwa mwaka mmoja? Ningefunga tabaka moja zima la vikao vya mji mkuu na kuacha kimoja, kifupi, chenye wakuu wenye uwezo wa kusema ndiyo. Fedha zilizookolewa ningeziweka kwenye waratibu wa maeneo, mmoja kwa kila eneo lenye watu waliohama, mwenyeji au mtu anayeongea lugha yao, atakayekaa na makundi ya kazi zote pamoja badala ya kukimbia kati ya klasta nyingi. Mtu huyo angepewa kitu ambacho mfumo wetu haujawahi kumpa mtu wa chini: kauli juu ya sehemu ya mfuko wa pamoja. Kiasi kidogo, lakini chake, cha kuwaambia wale wa mablanketi kwamba fedha ya wiki hii ni ya vyoo. Ukishampa kauli ya fedha hutahitaji kumwandikia hadidu za rejea zenye kurasa 20, atasikilizwa.

Ningetaka pia msaada wa fedha taslimu uratibiwe na mmoja pale ulipo. Soko likiwa hai na simu zikishika mtandao, mama hupanga matumizi yake vizuri kuliko klasta zote, na orodha nne za ugawaji hupungua kuwa malipo ya aina moja. Soko likiwa limekufa, au barabara imefungwa na bei zimepaa, fedha ni karatasi, na hapo tunataka magunia. Anayeweza kuipambanua hali hii na ile ni yule aliye karibu. Tusiligeuze liwe itikadi.

Mwisho nina swali, na ndilo lililonifanya niandike.

Ombi la dunia la fedha za misaada la mwaka 2025 lilianza likiwa dola bilioni 47 kwa ajili ya watu milioni 190. Juni mlilipunguza, mkabaki na dola bilioni 29 kwa watu milioni 114 ambao hali zao ni mbaya kuliko za wengine. Ombi la 2026 nalo likaja na kipaumbele ndani ya kipaumbele: dola bilioni 23 kwa watu milioni 87. Naelewa hesabu hiyo. Ni hesabu ya daktari mwenye kitanda kimoja, na nisingependa kuwa mahali penu siku mlipoipiga. Mlieleza kwamba mipango ya awali haijafutwa. Lakini kati ya milioni 190 na milioni 114 kuna watu milioni 76, na napenda kujua ni nani aliyewaambia. Huku chini hakuna aliyeambiwa. Watu hugundua kwamba wametoka kwenye kipaumbele kwa kuona gari halikuja, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na wakati huo wameshakopa kwa kutegemea mgao, wameshamkatalia jamaa aliyewaita waende kwake, wameshaacha kulima kipande walichokodishwa. Wanaotukanwa kwa hilo ni sisi, kwa kuwa sisi ndio tunaopita. Wengine wetu wametishiwa kwa mapanga kwa uamuzi uliofanywa katika jengo ambalo hawatalikanyaga.

Kumwambia mtu kwamba hatapata ni sehemu ya uratibu, na haigharimu bilioni yoyote. Eneo likiondolewa, aende mtu mwenye cheo, mchana kweupe, aseme tangu lini, kwa nini, na kama kuna mlango mwingine wowote wa kubisha. Kamati ya waliohama ipewe miezi miwili ya kujipanga. Shirika la wenyeji linaloachiwa eneo likabidhiwe orodha kwa kanuni za usalama, pamoja na ramani ya visima na spea za pampu, maana pampu huharibika baada ya wenyewe kuondoka. Kama majina ya maeneo yatakayoachwa katika awamu ijayo yapo, na lazima yapo kwa kuwa bajeti haipangwi bila hayo, tunaomba yatangazwe kabla ya mgao wa mwisho kufanyika, si baada yake, ili sisi tunaobaki tujue tuanzie kisima kipi.

Wako katika kazi,

Mfanyakazi wa shirika la wenyeji linalohudumia wakimbizi wa ndani